Slaidi ya Babu, Kengele ya Mama Mkubwa: Je, Slaidi za Tromboni Besi Zinabadilishana?

Tromboni ni chombo cha vipande viwili. Wengi hawalijui hilo kwa sababu wanaiona ikiwa imeshaungwa, inang'aa pembeni ya kwaya, mpulizaji anasukuma na kuvuta. Ibada ikiisha analegeza nati moja kwa vidole, anazungusha kidogo, chombo kinaachana. Upande mmoja una kengele, ile sehemu iliyopanuka inakotokea sauti, pamoja na valvu na mabomba yake yaliyojikunja. Upande wa pili una slaidi: mabomba mawili marefu ya ndani yaliyovaliwa na mawili ya nje, ambayo mkono wa kulia huyasogeza kutafuta noti. (Kwa wenzangu wa elimu: sisemi ile slaidi ya mhadhiri inayosomwa ukutani neno kwa neno.)

Kwa kuwa vinaachana kirahisi namna hiyo, swali linakuja lenyewe. Kama nina tromboni mbili, kwa nini nisichukue slaidi ya hii nikaivalisha ile?

Kwetu swali hili si la kinadharia. Kikundi cha matarumbeta cha wanafunzi hapa chuoni kina tromboni besi mbili na hakuna hata moja inayopigika. Ya kwanza tunaiita Babu, kwa sababu ni ya zamani kuliko sisi wote. Slaidi yake ni nzima na inateleza kama imepakwa mafuta ya taa, lakini kengele ilikandamizwa na mizigo safarini hadi ikawa kama chapati iliyokunjwa. Ya pili ni Mama Mkubwa. Kengele yake haina hata mkwaruzo, ila slaidi ilikaliwa na mtu mnene gizani na ikapinda. Zimetoka kwa watengenezaji wawili tofauti. Bila besi, nyimbo zetu zinaelea hewani kama nyumba isiyo na msingi, na mahafali yanakuja.

Mweka hazina wetu aliliweka kwa ufupi kwenye kikao: "Kaka, kama inaingia si inaingia tu?" Mwingine akapendekeza twende kwa fundi wa kuchomelea mageti, "agonge kidogo". Kwa vile mimi ndiye niliyekuwa nauliza maswali mengi, nikapewa kazi ya kulichunguza jambo hili na kuliandika. Hiki ndicho nilichokipata. Nakiandika kwa urefu kwa sababu vikundi vingi vya makanisa ya Kilutheri huku kwetu, na vya Jeshi la Wokovu kule Kenya, vina ala za msaada zilizotoka viwanda mbalimbali, na najua hatuko peke yetu wenye Babu na Mama Mkubwa.

Nianze na jibu. Slaidi za modeli tofauti wakati mwingine hubadilishana vizuri sana. Ila kuingia ni jambo moja na kukubaliana ni jambo jingine, na kati ya hayo mawili ndipo watu wanapoharibu vyombo.

Dume na jike

Mafundi bomba wanajua kwamba kila muungano una dume na jike. Kwenye tromboni dume liko upande wa slaidi: ni kipande kifupi cha bomba ambacho kwa nje kimechongoka kidogo sana kuelekea mwisho, kama gunzi la hindi. Jike liko upande wa kengele, nalo limechongoka kwa ndani kwa pembe ileile. Dume likizama, kuta za viwili hivyo zinabanana pande zote na hewa haipiti. Kisha nati iliyo kwenye slaidi inashika hesi za jike na kuvuta vyote pamoja. Nati haizuii hewa hata kidogo. Kazi yake ni kushikilia tu. Kinachozuia hewa ni ule mbano wa chuma kwa chuma.

Sasa, pembe ya ule mchongoko, unene wa dume, urefu wake na hesi za nati havina kipimo cha dunia nzima. Soketi ya bomba la maji ukiinunua Kariakoo itaingia kwenye bomba lililonunuliwa Mwanza, kwa sababu kuna viwango. Kwenye tromboni kila kiwanda kilichonga kwa mashine zake. C. G. Conn aliweka kiwanda chake Elkhart, Indiana, Marekani, katika karne ya 19. Vincent Bach, mpulizaji tarumbeta mzaliwa wa Austria, alianza New York akitengeneza vipulizio, na kampuni yake ikanunuliwa na Selmer mwaka 1961. Hawa wawili hawakuwa na sababu ya kufanya vyombo vyao viingiliane. Leo majina yote mawili yako chini ya kampuni moja, Conn-Selmer, lakini slaidi ya Conn ya muundo wa jadi bado haikai sawasawa kwenye kengele ya Bach. Ukoo mmoja, viatu vya saizi tofauti.

Upande mwingine wapo watengenezaji waliogeuza kubadilishana kuwa biashara yenyewe. Edwards na Shires, wote wa Marekani, wanauza tromboni kwa vipande: unachagua kengele, unachagua valvu, unachagua slaidi, hata lile bomba dogo linalopokea kipulizio. Mpulizaji anakaa chumbani na slaidi tatu mezani, anajaribu moja baada ya nyingine kwenye kengele ileile, anaondoka na inayomfaa. Kwa hiyo mtu akikwambia "slaidi hazibadilishwi kamwe", si kweli. Hubadilishwa kila siku, ila na watu wanaojua dume lipi lilichongwa kwa ajili ya jike lipi.

Utajuaje kama dume na jike vinakubaliana, bila maabara? Kuna njia rahisi ambayo mafundi mitambo wameitumia miaka mingi. Futa dume likauke, lipake wino wa maka peni pande zote, subiri ukauke. Lisukume kwenye jike kwa mkono tu, zungusha robo mzunguko, lichomoe. Wino ukiwa umefutika kwa usawa karibu sehemu yote, pembe zinalingana. Ukiwa umefutika kwenye mstari mmoja mwembamba wa mviringo tu, basi vinagusana mahali pamoja na kwingine kote ni hewa tupu. Hapo unaweza kukaza nati hadi vidole viume, haitakusaidia.

Tulifanya hivyo kwa dume la Babu na jike la Mama Mkubwa. Wino ulifutika kwenye duara moja jembamba. Nati ilishika mzunguko mmoja na nusu, ikagoma. Mweka hazina alikuwa na haki kusema inaingia, kwa sababu ukiiona kwa mbali ungeapa imekaa.

Na hapa pa kugoma ndipo hatari kubwa ilipo. Hesi za jike ni shaba ya njano, laini, na ni nyembamba. Ukilazimisha nati yenye hesi tofauti utazila mara moja, na zikishaliwa, hata slaidi ya Mama Mkubwa ikinyooshwa siku moja haitakuwa na pa kushika. Unaanza na vyombo viwili vibovu vinavyotengenezeka, unamaliza na viwili visivyotengenezeka. Sheria niliyowaambia wenzangu ni hii: mkono mmoja, vidole viwili, hakuna koleo.

Wapo wanaozungushia dume ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Kwa jaribio la jioni moja, kama hesi za nati zinalingana na tatizo ni dume kuwa jembamba kidogo, sina ubishi. Tepu hutoka na hakuna kilichoharibika. Kuendelea nayo mwaka mzima ndiyo shida, kwa sababu inabana mahali pamoja na slaidi inabaki inacheza.

Kuhusu kuvuja, tumieni akili ya fundi baiskeli. Unga chombo, chomoa lile bomba la kupatanishia sauti kwenye upande wa kengele, ziba tundu linalobaki kwa kiganja, paka povu la sabuni kwenye muungano, kisha mtu apulize polepole. Pancha itajionyesha kwa mapovu.

Urefu, na hesabu ya kidato

Tuseme muungano umekaa. Swali linalofuata ni urefu, na hapa nilikuta imani moja iliyoenea ambayo haina msingi: eti ukiweka slaidi ya modeli nyingine, pozisheni zitahama na mpulizaji itabidi ajifunze upya. Tufanye hesabu.

Tromboni ya B-flati, tena na besi ni ya B-flati kabla ya kubonyeza valvu, ina bomba la kama mita 2.74. Kushuka nusu toni unahitaji kuongeza urefu kwa asilimia 5.95 hivi. Asilimia hiyo ya sentimita 274 ni kama sentimita 16.3. Slaidi ina mabomba mawili sambamba, kwa hiyo mkono husogea nusu yake, sentimita 8 na kidogo, kutoka pozisheni ya kwanza hadi ya pili. Angalia vizuri: hesabu hiyo imetumia urefu wa chombo kizima. Haikuuliza jina la kiwanda, wala upana wa slaidi, wala aina ya chuma. Maadamu chombo kimepatanishwa kwenye B-flati ileile, pozisheni zitakuwa palepale kwa kiasi ambacho sikio litamalizia lenyewe.

Vivyo hivyo kwa valvu. Ukibonyeza valvu ya F, chombo kinarefuka hadi kama mita 3.66, na hatua ya kwanza ya nusu toni inakuwa karibu sentimita 11 badala ya 8. Ndiyo maana ukiwa umebonyeza valvu hiyo pozisheni zinabaki sita badala ya saba, na ndiyo maana besi nyingi za kisasa zina valvu ya pili. Hayo yote yako upande wa kengele. Slaidi mpya haiyagusi.

Kinachobadilika ni mahali pa kuanzia. Slaidi za besi huwa pana kuliko za tena, na zenyewe kwa zenyewe hutofautiana. Umbali kati ya mabomba mawili ukiongezeka kwa sentimita 1, ile kona ya chini yenye umbo la U inarefuka kwa nusu ya pai, yaani sentimita 1.57. Kwenye chombo cha sentimita 274 hiyo inashusha sauti kwa takribani senti 10, ukichukulia nusu toni ni senti 100. Unasukuma bomba la kupatanishia ndani kama milimita 8, basi, umemaliza. Lakini mabomba ya slaidi yenyewe yakiwa marefu kwa sentimita 2 kila moja, umeongeza sentimita 4, na sauti inashuka kama senti 25, robo ya nusu toni. Itabidi bomba la kupatanishia liingie sentimita 2. Kama zamani mlikuwa mnalivuta sentimita 1 tu nje, nafasi hiyo haipo.

Kwa hiyo kabla ya kusifia slaidi mpya, angalia bomba la kupatanishia lina nafasi kiasi gani ya kuingia. Ni kipimo cha rula ya shule ya msingi. Na ukilikuta limeingia hadi mwisho na bado mko chini ya kinanda, slaidi hiyo ni ndefu mno kwa kengele hiyo.

Njia ya pumzi

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, na nadhani ndipo pa kuamua.

Kipenyo cha ndani cha slaidi za besi kwa kawaida ni inchi 0.562, yaani milimita 14.3. Tena kubwa za okestra ni inchi 0.547, milimita 13.9. Tofauti ya milimita 0.4 inaonekana kichekesho, lakini eneo la tundu ni karibu asilimia 6 zaidi, na pumzi inalijua hilo kwenye noti za chini. Kuna pia slaidi za besi za vipenyo viwili: bomba la juu, linalopokea pumzi kutoka mdomoni, ni inchi 0.562, na la chini, linaloelekea kwenye kengele, ni inchi 0.578, karibu milimita 14.7. Wanaozipenda wanasema zinafunguka chini. Ukichukua slaidi kama hiyo ukaiweka kwenye kengele ambayo shingo yake ilitengenezwa kwa milimita 14.3, unapata ngazi ndani ya bomba: njia pana inagonga ukingo.

Ngazi ndogo ina ubaya gani? Sauti ndani ya tromboni ni wimbi linalokwenda na kurudi. Kila mahali bomba linapobadilika ghafla, sehemu ya wimbi inageuka mapema. Athari yake hailingani kwa noti zote, kwa sababu kila noti ina sehemu zake ndani ya bomba ambapo mkandamizo wa hewa ni mkubwa na sehemu ambapo ni mdogo. Ngazi ikiangukia mahali nyeti kwa noti fulani, noti hiyo inahama, jirani yake inabaki.

Sasa unganisha hili na lile la urefu, upate kipimo kizuri ambacho hakihitaji pesa. Kosa la urefu huhamisha noti zote pamoja. Kosa la njia huhamisha noti mojamoja. Weka programu ya kupatanisha sauti kwenye simu. Slaidi ikiwa imefungwa kabisa, pozisheni ya kwanza, bila kubonyeza valvu, piga do, so, do ya juu, mi, so. Kila noti iandike imepotoka senti ngapi. Usiisahihishe kwa mdomo. Hilo ndilo gumu, kwa sababu mpulizaji mzuri hurekebisha bila kujua. Afadhali afumbe macho na mwingine asome simu.

Ukikuta zote ziko chini kwa kiasi kinachofanana, sukuma bomba la kupatanishia. Ukikuta do na so ziko sawa lakini so ya juu imeruka senti 20, hakuna bomba la kupatanishia litakalokuokoa, maana ukishusha hiyo utashusha na zile nzuri. Jihadhari na mi tu: kwa maumbile ya tromboni yoyote, hata iwe ya dhahabu, mi hii huwa chini kwa kama senti 14 ukilinganisha na kinanda. Msije mkailaumu slaidi kwa jambo la fizikia.

Mshukiwa mkuu wa mabadiliko ya namna hii mara nyingi si slaidi yenyewe kwa upana wake, bali bomba dogo lililofichwa mwanzoni mwake, ambalo wapulizaji wanaliita lidipaipu. Linakaa ndani ya bomba la juu, mara baada ya kipulizio, na ndipo penye tundu jembamba kuliko pote kwenye slaidi. Ukibadilisha slaidi umebadilisha na lidipaipu, utake usitake. Kwenye Edwards na Shires linachomoka, kwa hiyo mtu anaweza kuhamisha slaidi na kubaki na lidipaipu anayoizoea. Kwenye slaidi nyingi za zamani limelehemiwa. Watu wawili wanaobishana kuhusu "sauti ya slaidi fulani" mara nyingi wanabishana kuhusu lidipaipu na hawajui.

Kipulizio nacho kina mguu wake. Besi hutumia mguu mnene, lakini mchongoko wa ndani wa baadhi ya Conn za zamani ni tofauti na ulioenea leo. Kipulizio kikiingia kidogo mno au kupita kiasi, mmeshabadilisha chombo kabla hata ya kufika kwenye slaidi. Jaribio lolote la kulinganisha slaidi mbili lifanywe na kipulizio kimoja, na muangalie kimezama kiasi gani kwa kila moja.

Jambo moja nilitaje haraka: usichanganye mabomba ya ndani ya slaidi moja na ya nje ya slaidi nyingine, hata kama ni modeli moja. Miisho ya mabomba ya ndani ina sehemu iliyonenepa kidogo, wanaiita soksi, na nafasi kati ya soksi na bomba la nje ni ya kiasi cha unene wa karatasi ya daftari. Yalinyooshwa na kusawazishwa pamoja, kama mlango na fremu yake. Slaidi hubadilishwa nzima.

Mkono wa kushoto

Hili nililigundua nikiwa nimeshika chombo, maana halionekani kwenye vipimo. Mkono wa kushoto hubeba tromboni yote kwa kushika upau wa slaidi na upau wa kengele kwa pamoja, huku dole gumba likibonyeza valvu ya kwanza na kidole kingine valvu ya pili. Vishikio vya valvu viko upande wa kengele. Upau unaoshikwa uko upande wa slaidi. Upau wa slaidi ngeni ukiwa chini kwa sentimita 2 au 3, dole gumba halifiki, au linafika kwa kunyongwa. Mpulizaji wetu wa besi ni dada mwenye kiganja kidogo, na kwake hili ni kubwa kuliko senti zote nilizohesabu hapo juu. Ibada ya saa mbili na mkono ulionyongwa, kesho yake hawezi hata kushika kalamu.

Uzito pia. Slaidi nyepesi mbele ya kengele nzito, chombo kinaegemea nyuma begani. Nzito mbele, kiganja kinachoka. Mwache mpulizaji mwenyewe ashike dakika kumi kabla ya kamati kupiga kura.

Kwa hiyo Babu na Mama Mkubwa

Slaidi ya Babu tumeipima kwanza ikiwa peke yake, kwa sababu hakuna maana kuhangaikia muungano wa slaidi mbovu. Unaisimamisha wima, mabomba ya nje yakiwa chini, unaziba matundu mawili ya juu kwa vidole, halafu unaachia mabomba ya nje juu ya godoro (godoro ni lazima). Yakining'inia au kushuka taratibu, haivuji. Ukiachia tundu, yanaporomoka huru, maana yake haikwami. Ya Babu imefaulu yote mawili. Kwa venia kalipa ya maabara ya fizikia, mabomba yote mawili yana milimita 14.3 na shingo ya Mama Mkubwa inaanzia hapohapo, kwa hiyo ngazi hakuna. Upau wa mkono umetofautiana kwa chini ya sentimita 1 na dada anasema anafika. Urefu: bomba la kupatanishia la Mama Mkubwa lina sentimita 3 za kuingia. Kinachokataa ni dume na jike peke yake.

Na jike linalolingana na dume la Babu tunalo. Liko kwenye kengele ya Babu iliyokandamizwa.

Ndiyo maana napinga pendekezo la kusaga dume. Dume limeungwa karibu na mabomba ya ndani, ambayo ndiyo sehemu yenye usahihi kuliko zote kwenye chombo. Joto au nyundo hapo, slaidi pekee nzima tuliyonayo inapinda. Jike limelehemiwa kwenye shingo kwa risasi, ambayo huyeyuka kwa moto mdogo. Mtu anayejua kazi ya ala za shaba analitoa la Babu, analitoa la Mama Mkubwa, anapachika la Babu mahali pake, na lile la Mama Mkubwa linafungwa kwenye mfuko na kuandikwa jina. Slaidi yake ikinyooshwa mwaka kesho, kazi inarudishwa nyuma. Fundi mageti, kwa heshima zote, moto wake ni wa kuunga nondo. Shingo ya tromboni ingekatika kabla risasi haijatoa jasho.

Kikwazo kimoja kimebaki. Tundu la jike la Babu ni pana kuliko shingo ya Mama Mkubwa kwa milimita 0.6, kwa hiyo inahitajika pete ya shaba ya njano yenye ukuta wa milimita 0.3 kujaza nafasi. Na jike lazima liwekwe kwenye kina ambacho mwisho wa dume unakaribia kabisa mwanzo wa shingo, bila kuacha pengo ndani. Kina hicho nimekipima mara tatu na kukiandika kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya begi la Mama Mkubwa. Karakana ya uhandisi wana mashine ya kukereza, na wamekubali kutukerezea pete tatu za unene unaotofautiana kidogo, ili fundi achague inayobana vizuri.